Mafaili manne ya mguu mmoja

Binti wa mzee mmoja ndiye aliyeniletea mfuko wa plastiki. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na baba yake alitibiwa kwa bima yake kama mtegemezi. Nilimwomba namba ya faili la mzee nijaze fomu ya madai, akaumimina mfuko mezani. Kadi nne, namba nne tofauti, zote za hospitali yetu, zote za mtu mmoja.

Ilikuwa 2017, nikiwa mtunza kumbukumbu katika hospitali moja ya kaskazini mwa Tanzania, upande wa tambarare kavu zenye migunga. Mgonjwa aliyesahau kadi nyumbani alifunguliwa nyingine palepale dirishani ili foleni isogee. Mwenye malaria angeweza kuvumilia utaratibu huo, maana anaumwa, anatibiwa, basi. Lakini mwenye ugonjwa unaokaa mwilini miaka na miaka, kila kadi mpya ilimfutia alikotoka.

Nikaenda kwenye rafu, nikayatoa mafaili yote manne na kuyapanga kwa tarehe. La kwanza lilisema kidonda cha mguu, msimbo L97, yaani alama yake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa. La pili, maambukizi ya chini ya ngozi, L03.1, akapewa kloksasilini. La tatu, fangasi wa miguu, B35.3, na griseofulvini. La nne halikuwa na msimbo wowote, ila maagizo ya kusafisha na kufunga bandeji. Kila aliyeandika aliandika kana kwamba mzee amekanyaga hospitali kwa mara ya kwanza. Ila yote manne yalitaja mguu wa kulia, na mawili yalieleza kwamba uvimbe hauumi.

Kutambua ugonjwa si kazi yangu. Hata hivyo mzee alikuwa amekaa benchi la nje, nikatoka kwenda kumsalimia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Huu mguu ulianzaje?"

"Mwiba," akasema bila kusita. "Huyu mwalimu wako alikuwa bado sekondari. Nachunga, mwiba wa mgunga ukatoboa katambuga mpaka unyayoni. Nikauchomoa, nikasahau. Baadaye pakaota kivimbe."

Katika mafaili yote manne hapakuwa na mwiba.

Nikamwandikia daktari ukurasa mmoja: tarehe, kilichoandikwa, dawa iliyotolewa, na maneno ya mzee kama alivyoyatamka. Nikayaunganisha mafaili chini ya namba ile ya kwanza, nikaubana ukurasa juu. Dokta aliusoma akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti, akausoma tena, akaenda kuufungua ule mguu mwenyewe.

Unyayo ulikuwa mgumu, umetutumka, una vishimo vinavyotoa majimaji. Akaweka shashi nyeupe, akabonyeza taratibu pembeni mwa kishimo kimoja. Zikatoka chembe nyekundu, ndogo kuliko mbegu za ulezi.

"Andika hizi chembe," akaniambia. "Na rangi yake uiandike."

Rangi ilikuwa na uzito mkubwa. Ugonjwa huo, maisetoma, una aina mbili ambazo kwa nje zinafanana. Moja huletwa na fangasi, msimbo wake B47.0. Nyingine huletwa na bakteria, B47.1. Chembe nyeusi huelekeza kwa fangasi, nyekundu kwa bakteria, na nyeupe au za njano zinaweza kuwa za upande wowote. Ya fangasi hudai dawa ya itrakonazoli kwa muda mrefu, na mara nyingi kisu. Ya bakteria hutibiwa kwa antibiotiki miezi kadhaa, na mguu una nafasi nzuri ya kubaki. Mzee alikuwa ameshaambiwa mtaani kwamba wanaoupeleka hospitali mguu wa namna ile huishia kukatwa, na hofu hiyo ndiyo iliyomfanya aje leo, kisha apotee msimu mzima.

Kipande cha nyama ya mguu kikapelekwa KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi, ambako kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwapo tangu 1992. Mwenzangu wa madai alitaka niandike B47.1 siku ileile, fomu iondoke. Nilikataa. Niliandika B47.9, maisetoma isiyobainishwa aina, kwa sababu hicho ndicho tulichokijua siku hiyo, na faili lilikuwa limebeba makisio ya kutosha.

Majibu yalirudi: bakteria. Eksirei ilionyesha mfupa haujaguswa. Nikabadilisha msimbo, mzee akaanzishiwa ko-trimoksazoli na sindano za amikacini. Kwa kuwa amikacini inaweza kudhuru figo na masikio, nilimtengenezea karatasi ya ufuatiliaji ndani ya faili, manesi wakawa wanaijaza kila awamu. Miezi ilivyokwenda, vishimo vilikauka kimoja baada ya kingine.

Kilichoniuma ni taarifa ya mwezi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeiingiza maisetoma kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2016, lakini fomu yetu ya MTUHA, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, haikuwa na mstari wake. Ilinibidi nimhesabu mzee kwenye maambukizi ya ngozi yasiyo ya fangasi, pamoja na watoto wenye majipu, na huko juu asingeonekana kamwe. Nikaandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya kupitia kwa mganga mfawidhi, nikitaja msimbo, kata, kazi ya mgonjwa na ule mwiba.

Halafu nikarudi kwenye rafu kutafuta L97 nyingine za kata zile: mguu mmoja, hauumi, hauponi. Nikapata faili la mama mmoja mfugaji. Ndani yake palikuwa na namba ya simu ya mwanawe, na dokta akampigia mchana uleule.