Usiku boti yangu iliponing'inia gatini

Nilipohamia Tudor nilikuwa nimezoea kufunga boti kwenye boya, mbali na nchi kavu. Ufuoni Nyali, ndani ya mwamba, boti yangu ya faiba ilikuwa na uwanja wake, inazungukia amari, kamba yake ya nanga, upepo unavyotaka, haimgusi mtu. Gatini ni mambo mengine. Tulikuwa boti saba kwenye gati la zege lenye nafasi ya nne: mbili za wavuvi, moja ya wapiga mbizi, mashua moja ya kutembeza wageni mikokoni, na sisi watatu wa faiba. Aliyekosa nafasi alijifunga ubavuni mwa mwenzake.

Jioni moja ya Agosti, mwezi ukiwa mpevu, upepo wa kusi ukivuma, niliingia kwenye saa kumi na moja. Maji yalikuwa yamejaa hadi abiria wangu walishuka bila kuhitaji ngazi. Nilifunga omo, yaani mbele ya boti, kwa kamba ya mita moja na nusu, nikaikaza vizuri ili kusi lisiisogeze boti. Ya tezi, yaani nyuma, nikaiacha ndefu kidogo. Nikaenda kuswali Magharibi, kisha nyumbani.

Kila mtoto wa pwani anajua kwamba Mombasa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa saa kumi, saa kumi na moja, na hupwa sana saa nne, saa tano. Nilijua pia kwamba yakipwa hushuka zaidi ya mita 3, na bamvua kubwa za Machi na Septemba hukaribia mita 4. Nilikuwa nikiyahesabu hayo kila siku kwa ajili ya kupita mlango wa mwamba. Kuyahesabu kwa ajili ya kamba ya gatini hakukunijia kabisa, kwa sababu kwenye boya boti hupanda na kushuka yenyewe. Gati la zege halishuki.

Saa nne na nusu usiku mlinzi wetu alinipigia. Ni mzee, sote tunamwita Ami. "Mwanangu, boti yako imetundikwa. Njoo sasa hivi."

Nilikuta omo iko juu, imeshikwa na ile kamba fupi iliyokazika mpaka ukiigusa inalia. Tezi imezama, na maji yalikuwa yakiingia kupitia pale mashine inapokaa. Baya zaidi, boti ilikuwa imeinama ikamwegemea jirani, boti ya mbao ya mvuvi, na ubao wa juu wa ubavu wake ulikuwa umepasuka kiasi cha urefu wa mkono.

Nilichomoa kisu. Ami akanishika mkono. "Usikate! Ukiikata hivi itaanguka yote kwa pamoja, imalizie ya mwenzio." Akaniambia nishuke na kamba nyingine ndefu, niipitishe kwenye pete ya omo, nimrushie ncha. Akaizungusha mara mbili kwenye kisiki cha chuma, ile nguzo fupi ya gatini ya kufungia kamba, akaivuta mpaka ikabeba uzito. Hapo ndipo akaniruhusu kukata ile ya kwanza, naye akaanza kuilegeza yake taratibu, shubiri kwa shubiri, mizunguko miwili ile ikimbebea mzigo wote. Omo ikashuka hadi majini bila kishindo. Nikafua maji kwa ndoo mpaka saa saba.

Mvuvi alikuja baada ya swala ya Alfajiri. Aliupapasa ule ubao muda mrefu kabla ya kusema neno. "Ndugu yangu, boti hii inalisha nyumba tatu." Nililipa ubao, nikamlipa fundi, nikafidia siku mbili ambazo hakwenda baharini. Hakuongeza neno, akanipa mkono. Bado naona haya nikiukumbuka uso wake asubuhi ile.

Siku zilizofuata nilikaa na Ami nikajifunza upya. Jambo kubwa ni hili: usimalizie kamba kwenye kisiki kilicho mbele ya pua ya boti. Ipeleke mbali. Kama kisiki kiko mita 2 tu kutoka kamba inapofungwa botini, na boti itashuka mita 4, kamba inahitaji ziada ya karibu mita 2 na nusu, na maji yakijaa ziada hiyo yote inakuwa ulegevu, boti inatangatanga. Lakini ukikifuata kisiki kilicho mita 8, ziada haifiki hata mita 1. Mimi sasa nina kamba nne: ya omo inakwenda mbele, ya tezi inakwenda nyuma, na mbili zinapishana ubavuni, moja kutoka omo kurudi nyuma, nyingine kutoka tezi kwenda mbele. Hizo mbili ndizo huzuia boti isiteleze kuelekea kwa jirani. Mabaharia wa meli huziita springi. Zote ni nailoni, kwa sababu inavutika kidogo na haishtui kisiki. Ile ya plastiki ya buluu inaelea na kunaswa kwenye panga la mashine, na jua huila upesi. Pale kamba inapogusa ukingo wa zege nimeivisha kipande cha mpira wa maji.

Mengine yanahusu wenzako. Boti ya nje inatupa kamba zake yenyewe mpaka gatini, haining'inii kwa ya ndani. Ukipita juu ya boti ya mtu unapiga hodi, unavua viatu, unapitia omo. Ukiingia unapunguza mwendo mapema, maana mawimbi yako ndiyo yanayogonganisha boti za waliokwisha funga. Tairi za ubavuni tulichangishana, tukazivika turubai zisiache weusi kwenye rangi za watu.

Na kuna la vitanzi, ambalo nalipenda kuliko yote. Ukikuta kitanzi cha mwenzio kimeshavishwa kisikini, usiweke chako juu yake. Kipitishe kutoka chini, ndani ya kitanzi chake, kisha ukivishe. Kwa njia hiyo yeyote anatoa chake bila kugusa cha mwenzake.

Bamvua iliyopita nililala botini, nikiwasubiri wageni wa alfajiri. Saa tisa na nusu nilisikia miguu mitupu gatini. Yule mvuvi aliinama kisikini, akakichopoa kitanzi chake ndani ya changu, akasukuma boti kwa upondo mpaka ikafika mbali ndipo akawasha mashine. Kamba yangu haikutikisika.