Siku niliyoandaa kikoa cha vyakula vya ajabu

Wazo lilizaliwa kazini, saa ya chakula cha mchana. Mwenzetu wa Kakamega alifungua kopo la kumbikumbi waliokaangwa, meza nzima ikahama. Yeye akaendelea kutafuna, huku akituuliza ni nani asiye na chakula cha kwao kinachowatia wengine kichefuchefu. Kimya. Nikasema basi, Jumamosi njooni kwangu South B, kila mmoja na kile anachoona haya kukileta kazini.

Mimi ni wa Mombasa, na kwetu kikoa si kitu kigeni. Nilidhani kazi hii naijua. Lakini kikoa cha nyumbani mnakula yale yale mliyoyazoea nyote; hapa walikuja watu 11, kila mmoja na mwiko wake.

Kwa hivyo nilimpigia simu kila mmoja. Ujumbe ningetuma, lakini watu hujibu kwa kidole gumba tu. Niliuliza mawili: unaleta nini, na nini hakipiti mdomoni mwako? Ndipo nikajua kwamba mmoja wetu akila kamba huvimba midomo. Nikamwonya na kumbikumbi asiwaguse, maana protini za wadudu hufanana na za kamba na kaa, na mwili unaweza kushindwa kuzitofautisha.

Kisha likaja suala la damu. Mimi Mwislamu, sufuria zangu za halali, na mwenzetu wa Kiambu ameshaahidi mutura, ule utumbo unaojazwa nyama na damu! Tulivutana kwenye simu karibu nusu saa. Mwishowe akaenda Eastleigh, akanunua utumbo na nyama ya mbuzi kwenye bucha la huko, akajaza bila tone la damu, akachoma kwenye jiko la makaa pale roshani. Jioni nzima alimwambia kila aliyeonja, "Hii si mutura. Msiende mkasema nilileta mutura." Ilikuwa tamu, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Langu lilikuwa pweza. Mama alimtuma na basi la usiku, kwenye ndoo ya rangi iliyojaa barafu, nikampokea alfajiri barafu imebaki vipande. Nilimsugua kwa chumvi mpaka utelezi ukatoka, nikatoa macho na ule mdomo mgumu kama wa kasuku, nikambandika jikoni bila maji. Pweza hutoa maji yake mwenyewe, na hugeuka rangi kama zambarau mbivu. Alipolainika nikamtia tui zito, ndimu na pilipili. Nilimkata vipande vikubwa makusudi, vile vikombe vya mikononi vionekane. Nilitaka watu waogope.

Hawakuogopa! Walimmaliza kabla sijakaa.

Kumbikumbi nao walienda kama bisi. Mwenyewe alieleza kwamba hakutia mafuta, wale hujikaanga kwa mafuta yao, chumvi kidogo basi. Mimi sikula, katika wadudu nilifunzwa nzige ndiye halali, lakini harufu yao ilikuwa ya njugu za kukaanga hasa. Nyirinyiri ya ngamia, vile vipande vidogo vya nyama vilivyokaangwa vikakauka, iliisha pia. Msiba mdogo uliletwa na mursik, maziwa ya Wakalenjin. Ndugu yetu wa Eldoret aliitoa kwenye kibuyu, ile yenye mkaa wa mti wa senetwet, ambayo wanariadha wetu hunyweshwa uwanja wa ndege wakirudi na ushindi, akaisafirisha kwenye chupa ya soda ya lita mbili. Maziwa yaliyochachuka, chupa iliyofungwa kikiki, matatu, jua la mchana. Alipofungua kifuniko ilifoka hadi kwenye pazia. Ukialika mtu wa mursik, mwambie alegeze kifuniko njiani, na afungulie chupa kwenye sinki.

Sasa, kwa kuhofia watu watalala njaa, nilikuwa nimepika na chakula cha kawaida, cha kumwokoa atakayeshindwa na vingine vyote. Tambi. Tambi zetu za Ramadhani, za sukari, tui, iliki na zabibu. Niliziweka katikati ya meza bila hata kuzitaja.

Yule wa Kakamega, bakuli la kumbikumbi bado mapajani, alijaza uma akala. Akaacha kutafuna.

"Dada," akasema polepole, "umeweka sukari kwenye spageti?"

"Ndiyo."

"Kwa makosa?"

Meza nzima ikageuka kunitazama. Wa Kiambu akaonja, akaweka sahani chini kwa adabu ya msibani. Wa Eldoret aliuliza nyama yake iko wapi. Nikaeleza kwamba kwetu hizi huliwa wakati wa kufuturu, watoto huzigombania, na kwamba wengine huzila pamoja na viazi vya nazi. Hiyo ya viazi ilizidisha. Mtu aliyekuwa ametoka kutafuna mikono ya pweza aliniambia kuna mambo hayafai kufanyiwa chakula.

Kulipopigwa kura ya kituko cha usiku ule, nilipata kura zote kasoro yangu mwenyewe.

Asubuhi nilifua pazia mara mbili na bado lilinuka moshi na maziwa. Sufuria ya tambi ilikuwa imejaa karibu kama nilivyoiacha. Nilijipakulia sahani, nikamimina chai ya rangi, nikala nikiwa nimesimama dirishani. Sukari, kusema kweli, ilikuwa imepungua kidogo.