Jumamosi zangu na Comper Swift

Watu wa nyumbani wakiskia kwamba huku Uingereza kila Jumamosi nashinda kwenye banda la mzee mmoja tukiunda upya ndege ya zamani, swali la kwanza ni unalipwa ngapi. Silipwi kitu. Na ningeambiwa nitoe pesa mimi ndo niruhusiwe kuingia, wallahi ningetoa.

Ndege yenyewe ni Comper Swift, ndege ya mbio ya miaka ya 30, kiti kimoja tu. Aliichora Nicholas Comper akaziunda huko Hooton Park, Cheshire, na zilitoka zaidi ya 40 kidogo basi. Ni kadogo jamani, bawa ncha mpaka ncha mita 7 na kitu, na mbawa zinakunjwa nyuma kwa hivyo inaingia bandani bila shida. Injini ni Pobjoy, silinda 7 zimepangwa duara, nguvu ya farasi 75. Sasa skia, mwaka 1931 rubani C. A. Butler alitoka Uingereza na Swift kama hii mpaka Australia kwa siku 9 na masaa mawili, ndani ya mbao na kitambaa!

Mimi ni seremala wa Mombasa, milango na makabati ndo kazi yangu, lakini hapa nimeona useremala wa aina ingine kabisa. Zamani viungo vya ndege viligundishwa na gundi ya kasini, inatokana na maziwa, na adui yake ni unyevu, ikilowana kwa miaka inaingia kuvu na inakufa. Ukiangalia kwa nje plaiwudi inang'aa na vanishi yake utasema mzima, halafu mzee anapitisha kisu chembamba pale kwenye kiungo kinafunguka chenyewe, ndani gundi imekua unga mweupe. Ndo maana lazima tufungue kila kiungo, hata kile kinachoonekana kizuri, hasa hicho.

Mbao mpya ni sprusi, aina ya msonobari, na si kila ubao unafaa, nyuzi zake zisikengeuke zaidi ya 1 kwa 15, yaani sentimita 1 kwa kila sentimita 15 za urefu, mzee anazifuata na kidole polepole kabla hajagusa msumeno. Tukichanganya gundi ya kisasa tunagundisha pia vipande vya majaribio kutoka bakuli lile lile, ikishakauka tunavivunja kwa nyundo. Ikivunjika mbao, sawa. Ikiachia gundi, kile tulichogundisha siku ile chote kinarudiwa, hakuna mjadala. Na bawa halifunikwi kitani mpaka mkaguzi aje achungulie ndani na tochi aweke saini.

Kitu kingine kinachoniuma ni kwamba sisi hatuko mbali na historia hii kama tunavyodhani. Kampuni ya ndege ya Wilson Airways ya Nairobi ilianzishwa 1929 na Florence Kerr Wilson, na rubani wake alikua Tom Campbell Black, huyo huyo ambae 1934 pamoja na C. W. A. Scott walishinda mbio za kutoka Mildenhall mpaka Melbourne, karibu masaa 71, na de Havilland Comet nyekundu. Ndege ile iko Old Warden, Bedfordshire, imetengenezwa na inaruka mpaka leo. Nilienda nikasimama mbele yake nikawaza vijana wangapi wanapita Wilson Airport kila siku na hakuna aliewaambia.

Mafundi wa hii kazi huku wanazeeka, na nyuma yao watu ni wachache. Na sisi tuna watu Lamu wanaoangalia ubao wakajua utapinda wapi, mikono kama hiyo ingekubalika hapa siku hiyo hiyo, manake bandani huulizwi cheti, unapewa patasi na kipande cha mbao watu wakakuangalia.

Bawa la kulia liko wazi bado. Kama uko upande wa Midlands, hapa katikati ya Uingereza, na unajua kushika randa, niandikie inboksi, nitamuomba mzee uje Jumamosi.