Likizo ya Pemba niliyoipanga kwa mwezi wa angani

Mara ya kwanza nilikwenda Pemba wakati wa Pasaka, kwa sababu moja tu: ofisi ilikuwa imefungwa. Masika ikanitia adabu. Katika siku nne, tatu nilizimalizia barazani kwa mwenyeji wangu Chake Chake nikitazama maji yakichuruzika batini, baiskeli ya kukodi imeegemea ukuta kama mgeni aliyekosa usafiri. Mwenyeji wangu, mama mtu mzima, hakunisimanga. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwani huko Dar hamna wa kumuuliza kabla hujafunga mzigo?"

Safari ya pili nilianza kwa kuuliza. Nilikuwa na namba ya mvuvi mmoja wa Wesha, karibu na Chake Chake, nikampigia mwezi Julai.

"Shikamoo, baba. Nataka unipeleke kisiwa cha Misali tarehe 14 Septemba, mimi na mdogo wangu."

"Marahaba. Mwezi utakuwa ngapi siku hiyo?"

"Si wa tisa, baba?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwezi wa juu, mwanangu! Huo wa angani!"

Mtu mzima nimezaliwa Temeke, bahari naijua kwa harufu, lakini sikuwahi kupanga jambo lolote kwa kuhesabu mwezi. Akanieleza taratibu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Kwa pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi tano asubuhi, muda uleule ambao mgeni ndio kwanza amemaliza chai na anataka kupanda boti. Boti anaikuta imelala ubavu kwenye tope. Ama utoke alfajiri, ama usubiri maji yarudi. Tena mkondo ni mkali, maji yamevurugika, na ukivaa miwani ya kuzamia unaona ukungu. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi yamejaa, kupwa kwake si kwingi, na mkondo umetulia.

Tarehe 14 yangu ilikuwa imeangukia bamvua. Nikaisogeza likizo wiki nzima mbele. Bosi aliponiuliza sababu nilimjibu, "Maji hayajawa mazuri," akaniangalia kama niliyechanganyikiwa, akasaini.

Septemba yenyewe sikuibadili. Upepo wa kusi unakuwa umelegea, mvua za vuli bado, jua halijawa kali. Wazee wa pwani huuita msimu huo demani. Na karafuu zinakuwa zimeanza kuanikwa, ingawa hilo sikulipanga.

Kilichonitoa jasho zaidi ni ramani. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, nami nikapiga hesabu ya mtu aliyekaa kwenye kiti: kwa baiskeli, siku moja kutoka Mkoani kule kusini hadi Wete, ya pili Kigomasha kwenye ncha ya kaskazini, tumemaliza. Mdogo wangu akaniambia, "Dada, hebu kwanza twende Kisarawe." Jumapili tatu tukatoka Gongo la Mboto kupanda vilima vya Pugu na mizigo nyuma. Jumapili ya kwanza keria yangu ilikatika. Ya pili nilishuka nikasukuma. Ya tatu nikaikata ratiba: kilomita 30 kwa siku basi, na katikati siku moja isiyo na kazi yoyote. Pemba haina mlima wa kuutaja, ila ina vilima visivyokwisha. Ukimaliza kushuka tu, unapanda tena, na breki zinalia njia nzima.

Baiskeli tulipanda nazo meli ya usiku kutoka Malindi, Unguja, tukalipia kama mizigo, tukashuka Mkoani alfajiri. Nilivaa suruali pana, gauni fupi juu yake na mtandio chini ya kofia ya baiskeli. Vijijini watu walitusalimu vizuri, na wazee waliniuliza mume wangu yuko wapi kabla ya kuniuliza natokea wapi.

Misali ilikuwa kama mvuvi alivyosema. Tuliondoka Wesha saa tatu maji yakiendelea kujaa, mikoko imezama hadi kiunoni, na tulipoingia majini upande wa magharibi niliwaona samaki wa rangi wakila matumbawe mita kadhaa chini yangu kama nawatazama dirishani. Nahodha alitusimulia habari ya Nabii Khidhri, aliyekosa msala wa kuswalia akasema kisiwa hiki kitakuwa misali ya msala. Kisa hicho wavuvi wengi wa huko wanacho. Halafu akatukemea kwa kusimama juu ya tumbawe.

Kaskazini tulipita msitu wa Ngezi, kivuli na baridi baada ya jua la Konde, tukatokea ufuko wa Vumawimbi ambako hakukuwa na mtu ila ng'ombe watatu. Mnara wa taa wa Kigomasha, wa chuma, umesimama tangu 1900. Nilipanda. Mdogo wangu alisema atalinda baiskeli, ambazo hakuna aliyekuwa akizitaka.

Pancha ilinipata Konde wakati wa kurudi. Baiskeli yangu ya gia ina valvu nyembamba, na fundi chini ya mwembe alikuwa na pampu mbili, zote za valvu nene. Pampu yangu niliiacha Dar ili kupunguza uzito! Baiskeli ya mdogo wangu, ya kawaida kabisa, ilizibwa pancha mara mbili safari nzima, na kila mara ilikuwa suala la robo saa. Yangu ilipandishwa juu ya daladala hadi Chake, na hapo ndipo siku yangu tupu ilipopata kazi.

Niliimalizia barazani palepale pa mwaka ule, safari hii pakavu. Mama alikuwa na karafuu zimefika kutoka shamba, akanisogezea ungo bila kuuliza. Unashika kishada, unakisugua kwenye kiganja, karafuu zinaanguka huku, makonyo unayatupa kule. Mwanzo nilichanganya. Kufikia alasiri vidole vilikuwa vyekundu na vinawasha, nje jamvi zima limeanza kugeuka kutoka kijani kwenda hudhurungi, na mama ananiuliza kama mwakani nitakuja mwezi ngapi.

"Wa juu au wa chini?" nikamwuliza.