Nilivyoihamisha laptopu ya steshenari ya shangazi kutoka Windows kwenda Linux hapa Tabora

Laptopu yenyewe ni Dell Latitude ya zamani, prosesa Core 2 Duo, ramu 2GB, ilinunuliwa mtumba na miaka yote imekaa na Windows 7. Kwa kutaipu haikua na shida sana, shida ilikua mtandaoni. Windows 7 iliachwa kupewa masasisho Januari 2020, halafu 2023 Chrome nayo ikaacha kuihudumia, kwahiyo mteja akija kujaza maombi ya mkopo wa chuo au ya ajira kurasa zingine zinafunguka nusu nusu, zingine hazifunguki kabisa. Unakuta mtoto wa watu katoka Urambo na nauli yake halafu anaambiwa kompyuta imegoma. Ilikua inaniuma kwakweli.

Fundi mmoja akamshauri shangazi tupige Windows 10, mi nikakataa, maana Windows 10 yenyewe masasisho ya bure yalishafika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka ramu kuanzia 4GB na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 ambayo laptopu za umri ule hazina. Nikamwambia shangazi tuweke Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na katika aina zake tuchukue Linux Mint, ile ya muonekano wa Xfce ambayo ni nyepesi.

Sasa hapa ndo naomba mtu anielewe vizuri, usifute kitu chochote kwanza. Linux unaweza kuiwasha kwenye flashi ukaitumia bila kugusa diski, kwahiyo kazi zako zote unazofanya kila siku zijaribu hapo hapo. Nilidaunlodi faili la ISO (mfumo mzima ndani ya faili moja) usiku kwa bando, linakaribia 3GB, nikaliandika kwenye flashi ya 8GB kwa programu ya Rufus kwenye kompyuta yangu (laptopu ikiwa ya zamani hivyo pale Rufus chagua MBR, muundo ambao mashine za zamani zinaweza kuuwasha), nikaichomeka kwa shangazi, nikawasha huku nabonyeza F12 mfululizo, ikaja orodha, nikachagua USB. Ikafunguka. Kwenye flashi inaenda taratibu, usiihukumu kwa hapo.

Shangazi kaniangalia tu. "Baba, mafaili ya wateja wangu yako wapi?"

Nikamfungulia diski, akaona mafolda yake yote yapo, tukayahamishia kwenye diski ya nje. Akasema sawa, lakini inaprinti? "Maana mimi nakula kwa hiyo printa, sio kwa hiyo laptopu."

Na alikua sahihi kabisa, steshenari bila printa ni kibanda tu. Printa yake ni HP LaserJet P1102, Linux inaitambua ila modeli hiyo inahitaji plagini ya ziada inayoshushwa mtandaoni, na waifai ilikua haionekani kwasababu kadi ya ndani ni Broadcom, nayo inataka draiva yake, yaani programu ya kuiendesha. Njia rahisi ya kupata intaneti ya kushusha hivyo vitu ni simu: chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB, Linux inaipokea hapo hapo bila kuinstoli chochote. Nikafungua teminali (dirisha la kuandika amri) nikaandika hp-plugin -i, nikakubali masharti, nikaiongeza printa, karatasi ikatoka. Shangazi akaichukua akaigeuza geuza, akasema haya endelea.

Kuinstoli kwenyewe hakuna hadithi, nikachagua kufuta diski nzima kwasababu mafaili yalishakua salama, saa nikaweka Dar es Salaam, basi. Anayetaka kubaki na Windows pembeni anaweza, kuna chaguo lake. Kwakua ulikua umeinstoli upya, ile plagini ya printa unairudia, na draiva ya waifai unaichukua kwenye Driver Manager simu ikiwa bado imechomekwa, halafu unazima na kuwasha. Ramu nikaongeza kipande cha 2GB kilichotoka kwenye laptopu iliyokufa kwa fundi, ikawa 4GB, na hiyo naishauri sana kwasababu kinachokula ramu siku hizi ni brauza, sio Linux.

Kitu kingine ni fonti. Wanafunzi wa AMUCTA, chuo cha hapa Tabora, na wa uhazili wanaleta ripoti za Times New Roman saizi 12. LibreOffice, programu ya kutaipu inayokuja na Mint, inayo Liberation Serif ambayo upana wa herufi unalingana nayo, mistari haihami, ila mi niliweka na zile zenyewe kwa pakeji ya ttf-mscorefonts-installer. Katikati inakuja skrini ya masharti ambayo mausi haifanyi kazi, watu wengi wanakwama hapo, bonyeza Tab mpaka OK iwake halafu Enter. Calibri haimo humo, badala yake weka Carlito. Halafu ingia kwenye settingi za LibreOffice useti isevu kwa docx moja kwa moja, la sivyo mteja ataenda na faili la odt akashangae kwingine.

Lakini kilichomfanya shangazi aikubali kabisa ni virusi vya flashi. Alikuja dada mmoja wa chuo anakaribia kulia, flashi yake kila folda imegeuka shotikati, akibofya haifunguki. Tukachomeka kwenye Linux. Zile shotikati zikaonekana zilivyo, vifaili vidogo vya .lnk, na pembeni kuna folda halina jina kabisa, pamekaa wazi tu chini ya picha ya folda. Kufungua, ripoti yake nzima imo humo, na sura zote tano. Virusi vile vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, huku havina cha kufanya. Tukahamisha ripoti, tukafomati flashi, tukamrudishia. Siku hizi anaowaleta ni wenzake.

Ambacho bado ni Publisher, programu ya Microsoft aliyokua anatengenezea kadi. Kadi zote za shangazi zilikua faili za pub, LibreOffice Draw inazifungua ila maua na fremu vinahama, huwezi kumpa mteja kitu kama kile. Kwahiyo nazichora upya kwenye Draw moja moja jioni akishafunga duka. Za kipaimara na komunio zimeisha, za harusi ndo niko nazo.