5E ndani ya Starlet, kazi ya garaji moja ya Kadutu, Bukavu

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo injini isiyo na turbo (pampu inayosukumia injini hewa) hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake kabla hata haijaona mlima. Ndiyo sababu mwenye Toyota Starlet moja ya EP82 alikuja kuomba turbo. Kutoka Kamanyola na abiria wanne, mlima wa Ngomo ulikuwa unamlazimisha kurudi gia ya kwanza.

Hakuwaza vibaya. Turbo hurudisha hewa ambayo mwinuko umeichukua. Lakini 4E-FTE, injini ya Toyota yenye turbo, inataka gia boksi ngumu zaidi, intakula ya kupoza hewa, kompyuta yake na petroli isiyogongesha injini, na petroli ya makadhafi, wale wauzaji wa barabarani, haina dhamana. Mkubwa wa garaji niliyokuwa najifunzia kazi alimwuliza: "Papa, unataka kupanda mulima ao kukimbizana?" Akamshauri atafute 5E-FE, isiyo na turbo lakini kubwa kuliko 4E-FE iliyokuwa ndani ya gari.

Injini hizo mbili ni ndugu. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 74, ila mwendo wa pistoni unatoka milimita 77.4 kwenye 4E-FE hadi 87 kwenye 5E, na ujazo unapanda kutoka sentimita 1,331 za ujazo hadi 1,497. Nguvu inayoongezeka inapatikana chini, kwenye mizunguko midogo, pale pale ambapo gari lililojaa huihitaji. Na gia boksi ya zamani inabaki.

Injini ilitoka soko la Kisekka, Kampala, ikapita Goma na kuvuka ziwa Kivu kwa boti. Sharti lilikuwa moja: ije na distributa inayogawia plagi umeme, nyaya zote na kompyuta yake. Kompyuta za aina hii hazipimi hewa inayoingia. Zinaikadiria kutokana na mgandamizo ndani ya manifoldi. Ukiiachia kompyuta ya 4E injini yenye ujazo wa asilimia 12 zaidi, ukikanyaga mafuta hadi mwisho huenda mchanganyiko ukakosa petroli, na pistoni ndiyo italipa.

Kabla ya kuifunga tuliipima kompreshini, yaani mgandamizo wa kila silinda, ikiwa chini, sakafuni, gia boksi imeshikizwa ili stata ifanye kazi. Plagi zote nje, kipepeo cha hewa wazi kabisa. Silinda tatu zilitoa kilo kumi na nusu kwa sentimita ya mraba, ya nne kilo tisa. Hapa mafundi wengi wa milimani hutupa injini nzima, maana kitabu kinaonyesha zaidi ya kumi na mbili. Wanasahau kwamba kitabu hakikuandikiwa hewa nyepesi ya Bukavu. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda, isizidi kilo moja. Tuliimiminia ile ya nne kijiko cha oili na kupima tena, ikapanda hadi kumi na moja. Basi valvu zilikuwa salama, ni ringi za pistoni zilizoganda kwa kukaa muda mrefu. Tuliziloweka usiku kucha kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, na baada ya wiki ya kazi silinda hiyo ilikuwa imezifikia nyingine.

Injini ikiwa nje ndipo ununue vitu vidogo: sili ya mbele na ya nyuma ya krankshafti, mkanda wa taimingi wa 5E pamoja na tenshona, pampu ya maji, themostati, sahani ya klachi. Sili ya nyuma ni kitu cha bei ndogo, lakini ikivuja baadaye lazima gia boksi ishuke tena.

Nyaya zilichukua muda kuliko chuma. Kiunganishi cha kwenda dashibodi hakikukubaliana, na kufuata rangi za waya ni kujitafutia moto. Tulifuata kila waya kwa mita ya umeme: umeme wa swichi, rilei ya pampu ya petroli, taa ya oili, geji ya joto, chaji.

Iliwaka, lakini ikakaa mizunguko 1,500 bila kushuka. Kwenye mfumo huu, hewa ya wizi, inayoingia kwenye ufa, haizimi injini, inaipandisha. Kubana mipira ya hewa mmoja mmoja kwa koleo kulionyesha uliopasuka, nyuma ya manifoldi. Kisha taimingi ya cheche: waya mfupi kati ya matundu TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, taa ya taimingi ikaonyesha digrii 10 kabla pistoni haijafika kilele, tukakaza distributa.

Joto ndilo lililotusumbua kwenye majaribio. Maji ya wazi huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo kofia ya rejeta, inayoyabana maji yasichemke mapema, ni sehemu ya injini. Ile ya zamani ilikuwa na springi iliyolegea. Kofia mpya ya baa 0.9, hewa ikatolewa hita ikiwa wazi na pua ya gari imeinuliwa, sindano ya geji ya joto ikatulia katikati.

Mwenye gari aliomba ufunguo. Mkubwa alikataa, na naona alifanya haki: gari linalopanda Ngomo haraka litashuka Ngomo haraka. Fedha iliyobaki ilikwenda kwenye pedi za mbele na mafuta mapya ya breki ya DOT 4, kwa sababu yale ya zamani, meusi na yaliyonyonya maji, huchemka kwenye mteremko mrefu na pedali ikazama. Tulianza kutoa hewa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi, pedali ikakaza, ndipo akapewa gari lake.