Siku fundi alipochoma sweta

Juni na Julai ndiyo miezi ya kuuza masweta Mwanjelwa. Baridi ya Mbeya haina utani, hata bodaboda aliyezaliwa Uyole huvaa makoti mawili asubuhi. Mwaka 2018 mama mdogo alikopa kwenye kikoba, akajazia na hela ya mahindi, akanunua belo la masweta ya mitumba kwa tajiri mmoja wa jumla. Mimi nilikuwa likizo ya chuo, kwa hiyo kukaa kibandani ikawa kazi yangu.

Belo huwezi kulifungua kabla ya kulipa. Unaoneshwa lililoandikwa juu, unapapasa kona, unatoa hela, ndipo unakata mikanda. Kilo 45 za bahati nasibu, zilizopanda Kitonga juu ya lori kutoka Dar es Salaam. Ya juu yalikuwa mazuri: masweta mazito na makoti mawili matatu ya kumpendeza mchungaji. Tulipoingia katikati, mambo yakabadilika. Masweta yaliyoota vijidonge kifuani na kwapani. Zipu zisizo na meno. Vigauni vyepesi vya kwendea ufukweni, Mbeya, mwezi wa sita! Mama mdogo alisema kitu kwa Kinyakyusa ambacho siwezi kukiandika hapa, kisha akaniambia, “Kamwite fundi aje aone kama kuna kinachookoleka.”

Fundi alikuwa mzee wa Kikinga kutoka Makete, mwenye cherehani ya miguu kwenye baraza la jirani. Nilimwamkia, akaitikia, akaja na mkasi na kiberiti. Kiberiti nilidhani ni cha sigara.

Akavuta uzi kwenye pindo la sweta moja zito, akauwasha. Uliungua polepole, ukazimika wenyewe, ukanuka nywele zilizoungua. Jivu akalisaga kwa vidole likawa unga. “Hii sufu. Huyu ni kondoo.” Akavuta uzi wa shati: moto ukapanda haraka, harufu ya karatasi, jivu laini la kijivu. “Pamba.” Kisha akachukua mojawapo ya yale masweta ya vijidonge. Uzi ulijikunja kuukimbia moto, ukayeyuka, ukadondosha tone jeusi ambalo baada ya muda mfupi lilikuwa gumu, ukilibonyeza kwa ukucha haliingii.

“Na hii?” nikauliza.

“Plastiki, mwanangu. Mmenunua ndoo.”

Hakuwa mbali na ukweli. Poliesta na akriliki zote hutengenezwa kwa kemikali zinazotokana na mafuta ghafi. Hazioti shambani wala mgongoni mwa mnyama, na zikitupwa hazina mpango wa kuoza upesi. Lakini lililonikaa zaidi halikuwa la moto. Fundi aligeuza koti la sufu nje-ndani na kunionesha mshono wa ubavuni. Mle ndani palikuwa na kitambaa cha ziada upana wa vidole viwili, kimekunjwa vizuri, kinasubiri.

“Aliyeshona hili alijua mvaaji atanenepa,” akasema.

Halafu akageuza kigauni kimoja kipya kabisa, bado kina lebo ya bei. Oveloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, ilikuwa imepita pale pale kwenye mshono na kukata kila kilichozidi. Nguo kama hiyo huwezi kuipanua, na ukiifumua inachanika. Kiwanda kinachoshona maelfu kwa maelfu kikibana sentimita moja kila ubavu kinaokoa kitambaa kingi, na mashine inashona na kukata kwa mkupuo mmoja. Faida inabaki kule. Hasara ilikuwa imekaa kwenye turubai letu.

Lebo ilisema imeshonwa Bangladesh. Jina hilo ndilo lililonifanya niliporudi chuoni nisome habari za Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo lililoporomoka Savar, nje ya Dhaka, tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaamriwa kurudi kazini. Nilisoma pia kwamba fulana moja ya pamba inakadiriwa kutumia lita 2,700 za maji, na kwamba sehemu kubwa ya Bahari ya Aral, kule Asia ya Kati, ilikauka baada ya mito yake kuelekezwa mashambani, mengi ya pamba. Hapo nilisita kidogo. Pamba ya Simiyu na Shinyanga inategemea mvua, kwa hiyo hesabu ya lita haiwezi kuwa moja kwa kila mkulima. Kinachoniuma kuhusu pamba yetu ni kingine: sehemu kubwa inatoka nchini ikiwa haijasokotwa hata uzi, na sitashangaa nikiambiwa nyingine imeturudia ndani ya belo.

Siku hizo mjadala wa mitumba ulikuwa moto. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni ifikapo 2019, Marekani ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza nguo kwao bila ushuru, na mwishowe Rwanda peke yake ikakomaa. Nikamuuliza fundi yuko upande gani.

“Wakizuia, mimi nitapata kazi. Mama yako mdogo je, atakula nini?” Akaendelea kuchambua vifungo.

Mimi naona mjadala ule ulikosea kwa kuiita mitumba kitu kimoja. Koti la sufu na kile kigauni vilikuja katika mzigo mmoja, vikalipiwa ushuru sawa, lakini kimoja kilikuwa nguo na kingine kilikuwa taka zilizosafirishwa kwa gharama ya mama mdogo.

Tuliokoa tulichoweza. Makoti mawili fundi aliyapunguza yakawa ya wanafunzi, zipu nzima akazinunua, mengine tukauza jero jero hadi sauti ikakauka. Mafundi wa gereji walikuja kutafuta matambara wakayakataa yale ya vijidonge. Yakachomwa nyuma ya vibanda, moshi mweusi, na wenye vibanda vya chakula wakatutukana ipasavyo.

Deni la kikoba mama mdogo alilimaliza kwa mahindi. Tangu hapo hagusi belo la masweta, ananunua mashuka na mapazia, na kabla ya kumlipa mtu yeyote anaomba aone kipande cha sampuli, kiberiti mkononi. Nilipomweleza kwamba yale masweta yalitokana na mafuta ya petroli alinitazama kwa muda.

“Sasa mbona petroli ikipanda, yenyewe hayapandi?”